Kwa nini ekstensheni yako haitakiwi kwenye meli ya kitalii, na utachajije simu zote

Kila msimu wa likizo swali hili linarudi, na linaulizwa na watu wetu wa kila upande, walioko Marekani wanaopandia Miami au Galveston, wa Uingereza wanaopandia Southampton, na siku hizi hata ndugu zetu wa Muscat na Dubai ambao meli wanaifuata pale pale Dubai msimu wa baridi. Tumekata tiketi, tuko wanne kebini moja, simu nne, tableti mbili za watoto, saa, kamera, laptopu ya kazi, na tumesikia chumba kina soketi mbili tatu tu, sasa tubebe ekstensheni au tusibebe?

Usibebe. Hilo ndo jibu la haraka na kwa safari nyingi linatosha. Ila watu wakiambiwa hivyo wanabaki na kinyongo, wanaona kampuni inabania umeme, wengine wanaificha katikati ya nguo, wengine wananunua ile ya bei kali wakidhani ikiwa na kinga ya umeme kupanda ghafla ndo itaruhusiwa, kumbe hiyo yenye kinga ndo inayokataliwa kuliko zote. Kwahiyo jambo hili linataka lifunguliwe taratibu, maana sababu yake ni ya kweli na ukishaielewa hutahitaji mtu wa kukuambia nini ubebe na nini uache.

Tuanze na hili la kubania umeme, maana halina ukweli. Hizi meli ni mitambo ya kufua umeme inayoelea. Queen Mary 2 mitambo yake yote ikiwaka inatoa zaidi ya megawati 100, wakati bwawa letu la umeme la Mtera, Tanzania, uwezo wake ni megawati 80. Umeme huo ndo unaosukuma meli, unaendesha viyoyozi, majiko, lifti, kila kitu. Simu yako ikichaji kwa kasi inakula kama wati 20 hivi. Hakuna mtu melini anayeihesabu hiyo.

Kinachowasumbua ni jinsi umeme wenyewe ulivyofungwa, na hapa lazima turudi kwanza nyumbani.

Nyumbani waya unaoingia kwenye soketi ni tatu, laini, nyutro na ethi. Laini ndo yenye umeme wa kukurusha. Nyutro inarudisha umeme ulikotoka, na kwenye transfoma huko mtaani imeungwa na ardhi, kwahiyo ukiipima dhidi ya ardhi unakuta volti karibu na sifuri. Ethi ni ile inayoenda kwenye fimbo ya shaba iliyopigwa chini pembeni ya nyumba. Ukiifikiria vizuri utaona vifaa vyetu vyote vya soketi vimetengenezwa vikiamini jambo moja, kwamba waya wenye hatari ni mmoja. Ndo maana swichi nyingi zinakata laini peke yake, na ndo maana ile fyuzi iliyoko ndani ya plagi zetu za miguu mitatu ya bapa imekaa upande wa laini tu. Ukikata laini umemaliza kazi, huo mwingine hauna neno.

Melini hakuna udongo wa kupigia fimbo. Bodi ya chuma ya meli, yaani mwili wake wote, ndo inachukua nafasi ya ardhi. Na kwenye meli nyingi mafundi kwa makusudi kabisa hawaungi waya wowote wa umeme na ile bodi, umeme unaachwa unazunguka kwenye waya zake wenyewe bila kushikwa popote. Mtu wa nchi kavu anaweza kuona huo ni uzembe lakini ni akili kubwa. Nyumbani waya wa laini ukigusa chuma kilichofungwa ethi, breka inaruka na umeme unakatika, unalalamika kidogo, unatafuta fundi. Sasa fikiria meli iko katikati ya bahari, upepo mkali, waya mmoja wa taa umelowa chumvi ukagusa bodi, alafu pampu zizime au usukani ukose umeme. Haiwezekani. Kwahiyo wamefunga hivi, waya mmoja ukigusa bodi hakuna kinachozimika, kinachotokea ni kengele au taa kuwaka kwenye chumba cha mitambo, afisa wa umeme anajua kuna hitilafu, anaanza kuitafuta saketi kwa saketi huku meli inaendelea na safari.

Faida hiyo ina gharama yake. Kwenye mfumo kama huo hakuna nyutro kwa maana ile ya nyumbani. Waya zote mbili zinazoingia kwenye soketi zina volti ukizipima dhidi ya bodi. Na siku ambayo waya mmoja umegusa bodi mahali fulani huko chini, ule wa pili unapanda mpaka volti kamili dhidi ya kila chuma unachokishika. Hitilafu ya namna hiyo inaweza kukaa kwa muda bila abiria yeyote kujua, maana taa zinawaka na TV inaonyesha kama kawaida.

Niweke wazi kwamba si meli zote na si saketi zote zimefungwa hivi, ziko ambazo vyumba vya abiria vimefungwa kwa namna inayofanana na hoteli. Lakini ukiitazama soketi kwa macho huwezi kujua ni ipi, na kampuni yenye meli nyingi za umri tofauti inaweka sheria moja kwa zote.

Sasa chukua ile ekstensheni ya bei kali, ile wanayokuambia ina saji protekta, yaani kinga ya umeme ukipanda ghafla, kazi ile ile tunayozoea kuipa friji gadi. Ukiifungua skrubu za nyuma unakuta vipande virefu vya shaba vitatu vilivyopita chini ya matundu, kimoja cha laini, kimoja cha nyutro, kimoja cha ethi. Mwanzoni pale waya unapoingia kuna swichi ile ya taa nyekundu, na mara nyingi kitufe cha breka pembeni. Alafu unaona vidude vya duara, bapa, vya buluu au vya njano, vina miguu miwili ya waya, ukubwa unakaribia sarafu. Hivyo vinaitwa varista, na ndo hiyo kinga uliyoilipia. Kazi yake, volti ikiwa ya kawaida haipitishi umeme, volti ikiruka juu ya kiwango chake inafunguka ghafla na kuumwaga ule umeme wa ziada pembeni, nyingine kwenda nyutro na nyingine kwenda ethi, ili usifike kwenye TV yako. Na kila ikipokea mshituko inachoka kidogo, varista iliyochoka inaanza kuvujisha umeme hata kwa volti ya kawaida, na umeme unaovuja pale unageuka joto ndani ya plastiki.

Ipeleke hiyo melini uone. Swichi na breka yake vinakata waya mmoja, wakati melini waya zenye umeme ni mbili. Kwahiyo umeizima, taa nyekundu imezimika, we umelala, na bado waya wa pili una umeme mpaka ndani ya ekstensheni, na varista imeunganisha waya huo na upande wa ethi ambao ndo bodi ya meli yenyewe. Kukitokea hitilafu kwenye saketi hiyo hiyo sehemu nyingine, umeme unapata njia ya kuzunguka kinyumenyume kupitia humo, hata kama kifaa umekizima, hata kama breka yake imeruka. Ekstensheni inapata moto pale chini ya meza au nyuma ya kitanda, karibu na zulia na pazia.

Na hili halikutungwa na watu wa makampuni ya meli ili wakusumbue. Mwaka 2013 walinzi wa pwani wa Marekani walitoa tahadhari ya usalama kuhusu vifaa hivi hivi, baada ya moto kuzuka kwenye vyumba vya kulala vya meli za mizigo, na chanzo kikaonekana ni ekstensheni za kawaida zenye kinga, zile za kutumia nyumbani. Walieleza kitu hiki hiki, kwamba zinakata waya mmoja tu, kwamba melini waya zote mbili zina umeme, na kwamba umeme unaweza kurudi kinyume hata kifaa kikiwa kimezimwa. Tangu hapo makampuni mengi yakazipiga marufuku kabisa.

Kuna hatari nyingine juu ya hiyo ambayo inawahusu hasa ndugu zetu walioko Marekani. Ekstensheni ya kule imetengenezwa kwa volti 120, na varista zake zimepangwa kwa kiwango hicho. Kebini nyingi zina soketi ya volti 110 ya Kimarekani na jirani yake soketi ya Kizungu ya matundu mviringo ya volti 230. Mtu anaona ile ya Kimarekani imejaa, anachukua kiadapta cha dukani kinachobadilisha umbo la miguu tu, anachomeka ekstensheni yake ya volti 120 kwenye volti 230. Varista inaona volti karibu mara mbili ya ilichozoea na inaamini huo ni mshituko usioisha, inafunguka na kubaki imefunguka, inapasuka au inawaka. Hapo hata mfumo wa meli hauna kosa, ni hesabu ya volti tu.

Utajuaje kama yako ina kinga? Geuza usome nyuma. Ukikuta namba yenye herufi J mbele yake, mfano 600 J au 900 J, hizo ni juli, ni kiasi cha mshituko inachoweza kumeza, basi ina varista. Au ukiona taa ndogo ya kijani pembeni inayosema kinga inafanya kazi, ni hiyo hiyo. Zile za kawaida za maduka ya Kariakoo kule Dar au Luthuli kule Nairobi mara nyingi hazina, ni vipande vya shaba na swichi.

Hapo mtu anauliza, basi hiyo ya kawaida isiyo na varista si niruhusiwe? Kuna makampuni yanaruhusu na kuna yanayokataa. Carnival kwa miaka mingi wamekuwa wakiruhusu zisizo na kinga kwa sharti kwamba wakiona ina hatari wanaichukua. Royal Caribbean wao mwaka 2024 walikaza, wakaweka ekstensheni na plagi za matundu mengi kwenye orodha ya vitu visivyoingia, iwe na kinga isiwe nayo. Kwahiyo ule ushauri wa shangazi yako aliyesafiri miaka mitano iliyopita na meli nyingine kabisa, mshukuru, lakini kasome masharti ya kampuni yako na ya mwaka huu.

Na wanaokataa zote wana hoja. Joto kwenye waya linatokana na mkondo, zile ampea, na mkondo ukiwa mara mbili joto linakuwa mara nne. Kifaa cha Kimarekani cha wati 1500, tuseme cha kukaushia nywele, kwenye volti 110 kinavuta karibu ampea 14, wakati mwenzake wa wati hizo hizo wa kwetu kwenye volti 230 anavuta chini ya ampea 7. Pitisha hizo ampea 14 kwenye ekstensheni nyembamba ya bei rahisi, iliyoviringishwa na kusokomezwa chini ya godoro ili isionekane, na unapata kitu cha moto kweli kweli. Chaja za simu peke yake hazifiki huko, chaja ya wati 65 kwenye volti 110 haifiki hata ampea moja. Shida ni kwamba ukishampa mtu matundu sita hatachomeka chaja tu, na hakuna mfanyakazi anayeweza kusimama kila kebini kukagua umechomeka nini.

Alafu moto melini si kama moto nyumbani. Tarehe 23 Machi 2006 meli ya Star Princess ilikuwa inaelekea Jamaika, usiku, moto ukaanza kwenye baraza ya kebini moja, na wachunguzi waliona sababu inayoelekea zaidi ni kipande cha sigara. Haukuwa moto wa umeme, nautaja kwa sababu ya kasi yake, ulipanda kwenye baraza za ghorofa za juu na kusambaa pembeni, vyumba zaidi ya 70 vikaharibika kabisa, abiria mmoja akafariki na wengine 13 wakaumia kwa moshi. Baada ya hapo sheria za kimataifa za baraza za meli zilibadilishwa. Mabaharia wanauogopa moto kuliko dhoruba, maana ukiwaka huna barabara ya kukimbilia, na wazima moto ni hao hao wafanyakazi wa meli. Ukiona wanakunyang'anya pasi, kipasha maji, mishumaa na ekstensheni kwa mkupuo mmoja, ni hofu hiyo moja inayofanya kazi.

Wanaikamata vipi? Sanduku ulilomkabidhi mpagazi bandarini linapita kwenye mashine ya eksirei kama uwanja wa ndege. Ekstensheni inaonekana vizuri sana kwenye eksirei, vile vipande vya shaba vilivyonyooka havifanani na kitu kingine. Jioni masanduku ya wenzako yanafika mlangoni, lako halifiki, unaitwa ulifungue mbele yao. Kitu kinafungwa lebo yenye namba ya chumba na unakichukua mwisho wa safari, ila kuna vitu kwa kampuni nyingine vinatupwa moja kwa moja. Na siku ya kwanza ndo siku ambayo kila mtu anataka nguo zake za chakula cha jioni.

Haya, tuje kwenye kuchaji kwenyewe, na huku ndo raha ilipo maana suluhisho ni jepesi. Ukikaa ukapiga hesabu unaona wazi kwamba kebini haina upungufu wa umeme, ina upungufu wa matundu, na hivyo ni vitu viwili tofauti.

Betri ya simu ya kisasa ya miliampea 5000 inabeba kama wati-saa 19. Tundu la zamani la USB la wati 5, lile polepole kabisa, kwa saa 8 za usingizi linatoa wati-saa 40. Kwahiyo hata kwa kasi ya kobe simu inaamka imejaa. Simu nne, tableti mbili na saa, zote kwa pamoja usiku kucha hazizidi umeme ambao chaja moja nzuri inaweza kutoa. Ndo maana kitu cha kubeba ni chaja moja ya USB yenye matundu manne au zaidi, ya wati 65 au 100, zile ndogo za kisasa zinazoitwa GaN. Inachukua tundu moja la ukuta na inakupa manne, na kwa kuwa yenyewe ni chaja inayotoa volti ndogo na si ekstensheni ya volti 230, makampuni mengi yanaikubali. Hakikisha tu haina tundu la kuchomekea plagi ya kawaida, maana ikiwa nalo hata moja, mkaguzi anaihesabu ni plagi ya matundu mengi na ana haki.

Nunua ya jina linalojulikana. Zile za bei ya kutupa zilizoandikwa wati 100 kwa nje, ndani hazina hata nafasi ya kuweka vifaa vya wati 20, na hiyo utaiacha imechomekwa umelala na watoto wako.

Meli mpya zina matundu ya USB pembeni ya kitanda na kwenye meza, kwahiyo unaweza kukuta mambo yako yamekwisha kabla hujafungua begi. Za zamani utakuta soketi zote zimejazana kwenye meza ya kujipambia yenye kioo, kitandani hakuna kitu, basi beba kebo ndefu ya mita 2 au 3, kebo ya USB si ekstensheni na hakuna anayeikataza. Bafuni kuna kasoketi kameandikwa ni ka kunyolea, kanatoa wati chache sana kwa ajili ya mashine ya ndevu, kaache na kazi yake. Na usichomoe waya wa TV au wa friji ili upate tundu, unaweza kukuta kitu ambacho wahudumu wanakitegemea.

Umbo la plagi linachanganya watu wetu kwa namna yake. Hizi meli nyingi zinajengwa Ulaya, Monfalcone kule Italia, Turku Ufini, Papenburg Ujerumani, Saint-Nazaire Ufaransa, na abiria wengi ni Wamarekani, ndo maana ukutani unakuta ndugu wawili, tundu bapa mbili za volti 110 na tundu mviringo mbili za volti 230. Plagi yetu ya Tanzania, Kenya, Uganda na Oman, ile ya miguu mitatu ya bapa, haiingii kwa wote wawili. Inaingia kwenye meli zinazolenga Waingereza, mfano za P&O Cruises pale Southampton. Ndugu wa Kongo, Rwanda na Burundi wenye plagi za miguu mviringo miwili wao wanachomeka tu upande wa Kizungu bila shida. Sisi wengine tunahitaji adapta, na iwe ile ndogo ya tundu moja, isiwe na kinga ndani, maana ziko adapta za safari zenye varista na zinakamatwa vile vile.

Adapta inabadilisha umbo la miguu tu, volti zinabaki zilivyo. Kwahiyo kabla hujachomeka chochote soma maandishi madogo ya kwenye chaja, tafuta mstari wa INPUT. Ukiona 100-240V na 50/60Hz, chomeka upande wowote, chaja za simu, kamera na laptopu karibu zote ziko hivyo. Umeme wa meli mara nyingi ni wa 60Hz wakati wa kwetu ni 50, chaja haijali. Ukiona 220-240V peke yake, kama kwenye mashine ya nywele uliyonunua Dar, upande wa volti 110 itatoa robo tu ya nguvu yake, unakaa nayo saa nzima nywele hazinyooki. Ukiona 120V peke yake, usiiguse kabisa soketi ya volti 230. Dada zangu, mashine ya kukaushia ipo chumbani, ya kunyooshea kasome kwanza orodha ya kampuni yako.

Kitu kingine ambacho kinawashangaza watu, umechomeka simu asubuhi, umeenda kuogelea, umerudi mchana ina asilimia 12. Kwenye meli kadhaa mlangoni kuna kijitundu cha kuweka kadi, ukiichomoa taa na kiyoyozi vinapungua, na baadhi ya soketi zinakata. Siku ya kwanza fanya jaribio, chomeka simu kwenye kila tundu, chomoa kadi, angalia ipi imeacha kuchaji. Itakayoendelea ndo ya kuchajia mchana, zilizobaki za usiku.

Alafu punguza matumizi yenyewe. Simu ikiwa baharini inatafuta mtandao muda wote na hiyo inakula betri kweli, na ikiukamata mtandao wa meli inaweza kukuletea bili ya kutisha ya roaming. Weka hali ya ndege tangu meli inapong'oa nanga, washa waifai peke yake kama umeilipia. Utashangaa simu inavyomaliza siku nzima.

Pawabenki inaruhusiwa na inasaidia sana siku za kushuka bandarini. Kwa wanaoruka kwenda kuifuata meli, ikae begi la mkononi, isizidi wati-saa 100 bila kibali cha shirika la ndege, na ile ya kawaida ya miliampea 20,000 ni wati-saa 74, iko salama. Emirates tangu Oktoba 2025 wanaruhusu moja tu kwa abiria na hairuhusiwi kutumika ndani ya ndege, kwahiyo ichaji kabla. Ukifika melini ichajie juu ya meza, isiwe kitandani wala chini ya mto, na ikivimba au ikipata joto lisilo la kawaida, piga simu mapokezi saa hiyo hiyo hata kama ni saa nane usiku.

Mgonjwa ni habari tofauti, na hapa naomba watu wasijinyime. Mzee anayelala na mashine ya CPAP, ile ya kumsaidia kupumua usingizini, soketi iko mezani na kitanda kiko upande wa pili, huyo anahitaji waya mrefu na ana haki nao. Kampuni zina dawati la abiria wenye mahitaji maalumu, unaandika wiki kadhaa kabla, unawaambia aina ya mashine, na wanakuwekea chumbani ekstensheni yao wenyewe ambayo mafundi wa meli wameikagua, wengi wanaleta na maji safi ya mashine ukiomba. Anayetumia insulini aombe pia friji ya dawa, maana kale kafriji ka vinywaji ka chumbani mara nyingi kanapoza kidogo tu.

Vijana wetu wa Mombasa, Tanga na Unguja wanaoenda kufanya kazi melini, haya yanawahusu zaidi ya abiria. Chumba cha wafanyakazi kidogo, mko wawili au zaidi, soketi chache, na mkataba ni wa miezi. Kishawishi cha kuvuta ekstensheni kutoka kitanda cha chini mpaka cha juu ni kikubwa. Vyumba vinakaguliwa, na ile tahadhari ya 2013 ilitokana na vyumba vya meli za mizigo, si vya watalii. Ukihitaji tundu la ziada mwambie afisa wa umeme, anazo zilizopimwa kwa mfumo wa meli hiyo.

Kama bado una shaka na kitu chako, waandikie kampuni barua pepe kabla ya safari na usiulize kwa ujumla kwamba vifaa vya umeme vinaruhusiwa, watakujibu kwa ujumla vile vile. Taja kitu chenyewe, tuma picha ya mbele na ya nyuma pale penye maandishi, sema jina la meli na tarehe ya kuondoka, uliza kama kebini yako ina USB kitandani na soketi za aina gani. Wakikujibu ndiyo, jibu lipige chapa au liweke picha kwenye simu, na kile kitu kikae begi la mkononi badala ya sanduku kubwa, ili mkaguzi akikitilia shaka muelewane hapo hapo getini na sanduku la nguo lifike chumbani jioni hiyo hiyo.